Nachemsha maji kila siku, mbona meno ya mwanangu yana madoa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Usa River. Tulihamia huku miaka saba na kidogo iliyopita tukitokea Songea, baada ya mume wangu kupata kazi kwenye shamba la maua. Mtoto wa kwanza tulikuja naye akiwa na miaka sita, sasa yuko kidato cha kwanza na meno yake ni meupe. Wa pili nimemzaa hapa hapa, ana miaka saba. Meno yake ya utoto yalikuwa mazuri tu, lakini haya ya mbele yanayoota sasa yametoka na mabaka meupe ya chaki, na moja limeanza kuwa la kahawia. Mwalimu alimwambia mbele ya wenzake akapige mswaki, akarudi nyumbani analia. Mswaki anapiga, namsimamia mwenyewe asubuhi na usiku. Maji tunachota bomba la kisima la mtaani, nayachemsha mpaka yatokote na kuyachuja kwa kitambaa. Jirani mmoja anasema ni maji ya huku, mwingine anasema ni dawa ya meno, niiache. Tena huku nimezoea kupika makande na maharage kwa magadi. Nina kichanga cha miezi mitano, naogopa naye asije akapatwa. Nifanye nini? Na haya ya kaka yake yatasafishika?

JIBU: Marahaba dada yangu. Nianze na huyo wa miaka saba, maana ndiye anayeumia sasa hivi. Mwanao si mchafu. Hayo mabaka si uchafu ulioganda juu ya jino, ni sehemu ya jino lenyewe. Yaliwekwa humo alipokuwa mdogo sana, jino likiwa bado linajengwa ndani ya taya, miaka kadhaa kabla halijaonekana. Hakuna mswaki unaofika huko. Naomba uende shuleni ukaongee na mwalimu kwa upole umweleze hivyo, ikibidi mpe asome jibu hili. Mwalimu wa huko kwenu wilayani Arumeru hakosi watoto wengi wa aina hii darasani kwake, na mtoto aliyeaibishwa kwa ajili ya meno hujifunza kucheka akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Nimewaona wengi. Tabia hiyo hukaa nao hata wakiwa watu wazima, wanaogopa kupigwa picha, wanaogopa usaili wa kazi, na kosa lao hakuna.

Jirani anayesema ni maji yuko sahihi. Kinachofanya hivyo ni madini yanayoitwa floraidi. Mlima Meru ni volkano, na miamba na majivu yake ya zamani yana floraidi nyingi. Maji ya mvua yanapozama ardhini na kupita kwenye miamba hiyo kwa miaka, huyeyusha madini hayo na kutoka nayo kwenye chemchemi na visima. Ndiyo maana Ngarenanyuki, Maji ya Chai, Usa River na vijiji vingi vinavyouzunguka mlima vina historia ndefu ya meno ya namna hii. Lakini usidhani kila bomba la Arumeru ni sawa. Chemchemi mbili zilizo umbali wa kutembea kwa miguu zinaweza kutofautiana kabisa, moja salama na nyingine mbaya, kutegemea maji yalipita wapi chini huko. Na kwa macho huwezi kujua. Floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa kiasi kinachokuwa kwenye maji yetu ya kunywa haina ladha. Maji meupe yanayong'aa kwenye glasi yanaweza kuwa nayo tele.

Kidogo chake hakina ubaya, tena huimarisha meno. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Hapa kwetu kwa miaka mingi kiwango kilichoruhusiwa kilikuwa juu ya hapo, miligramu 4, kwa sababu maeneo mengi yasingepata maji kabisa kama tungeshika kile cha dunia. Mwaka 2018 Tanzania nayo ikashuka hadi 1.5. Kwa hiyo kisima kilichochimbwa zamani na kupewa kibali kinaweza kuwa kilikuwa halali wakati ule na leo kimezidi kipimo.

Sasa kuhusu kuchemsha. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, kwa sababu wewe ni mama mwangalifu na uangalifu wako umeelekea mahali pasipo na dawa ya tatizo hili. Kuchemsha kunaua vijidudu: kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara. Usiache hata siku moja. Lakini floraidi si kijidudu, haifi. Mchuzi ukizidi chumvi hauuchemshi ili chumvi itoke, ukiuchemsha ndiyo unazidi kukolea. Na haya ni hivyo hivyo. Tuseme maji yako yana miligramu 4 kwa lita. Umebandika lita kumi, umeyaacha yakatokota mpaka zimebaki nane. Maji yaliyopotea yameondoka kama mvuke, floraidi yote imebaki kwenye sufuria, sasa una miligramu 5 kwa lita. Kwa hiyo chemsha, ila yakishatokota sawasawa ipua, na funika. Hakuna faida ya kuyaacha motoni nusu saa zaidi.

Kitambaa nacho kinashika takataka tu. Dawa ya kutibu maji ya dukani inaua vijidudu tu. Chujio la udongo, lile la ndoo mbili, ni zuri sana kwa vijidudu na halifanyi chochote kwa floraidi. Shabu na mbegu za mlonge hutuliza tope. Ni kweli kuna njia ya kitaalamu ya kuondoa floraidi kwa shabu na chokaa, lakini inahitaji shabu nyingi, vipimo na mtu anayejua anachofanya, vinginevyo unabaki na maji yenye mabaki ya shabu. Jikoni kwako usijaribu.

Huenda unajiuliza kwa nini wa kwanza amenusurika. Meno ya mbele ya ukubwani hujengwa kwenye taya tangu mtoto akiwa na miezi michache, na taji zake, yaani ile sehemu inayokuja kuonekana, zinakuwa zimekamilika afikapo miaka minne au mitano. Miaka mitatu ya mwanzo ndiyo hatari zaidi kwa meno hayo. Wa kwanza alifika Usa River ana miaka sita, meno yake ya mbele yalishamalizika kujengwa kwa maji ya Songea. Mwangalie kule nyuma, magego ya mwisho yanaweza kuwa na vidoa vyeupe, maana hayo hukamilika mtu akiwa na miaka saba au nane. Wa pili amejengewa yote hapa. Na meno yake ya utoto yalikuwa mazuri kwa sababu sehemu kubwa yalijengwa akiwa tumboni na akiwa ananyonya.

Hilo la kunyonya linatupeleka kwa kichanga, na hapa nina habari njema. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floraidi nyingi. Mwili wako unamchujia. Kwa hiyo miezi hii mitano uliyomnyonyesha umemlinda kuliko ambavyo chujio lolote lingeweza. Mwendelee hivyo hivyo mpaka atimize miezi sita, maziwa ya mama peke yake, bila maji wala chai wala maji ya glukosi. Baada ya hapo endelea kumnyonyesha mpaka miaka miwili au zaidi huku akila. Hatari inaanza na kikombe cha kwanza cha uji. Uji ni maji karibu yote, na mtoto mdogo anakula uji mwingi ukilinganisha na uzito wake. Maziwa ya kopo yakikorogwa kwa maji ya kisima ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu hapo mtoto anaishi kwa maji hayo tu. Una mwezi mmoja wa kujiandaa.

Kitu cha kwanza kuondoka jikoni kwako ni magadi, na hakigharimu kitu. Magadi yanatoka kwenye maziwa ya chumvi ya Bonde la Ufa, Natron likiwemo, na mengi yana floraidi nyingi. Kiasi hutofautiana sana kati ya donge na donge, na yule mama anayekuuzia kwa kijiko sokoni hana namna ya kujua lake likoje. Uchunguzi uliofanywa hapa nchini tangu miaka ya 1990 uliwakuta watoto wenye meno ya madoa hata kwenye vijiji ambavyo maji yake yana floraidi kidogo, na magadi ya kupikia yakaonekana kuwa sababu kubwa. Sasa wewe una vyote viwili, maji na magadi.

Angalia sufuria ya makande. Mahindi makavu na maharage yanakaa motoni saa tatu. Unaweka maji, yanakauka, unaongeza, yanakauka, unaongeza tena. Mpaka yaive, lita tano au sita zimepita kwenye sufuria ile, na floraidi ya lita zote hizo imebaki ndani ya makande. Kisha kuna donge la magadi. Sahani moja ya makande hayo inaweza kumpa mtoto floraidi zaidi ya maji yote aliyokunywa siku hiyo. Na ukipondea loshoro, yaani makande yenye maziwa mgando, ni yale yale.

Najua magadi yanaokoa mkaa, na sitaki kukuambia uache bila kukupa njia nyingine. Loweka mahindi na maharage tangu usiku, asubuhi mwaga maji yale, suuza, kisha pika. Tumia mahindi yaliyokobolewa, yanaiva haraka kuliko yenye maganda. Maharage mapya ya msimu huu yanaiva upesi kuliko yaliyokaa ghalani mwaka mzima, kwa hiyo uliza kabla hujanunua. Chumvi na nyanya weka mwishoni yakiwa yameshalainika, maana nyanya ina uchachu unaoyafanya yawe magumu. Kama unaweza kununua sufuria ya presha, nunua, hata kwa mchezo wa vikoba. Inaivisha maharage kwa chini ya saa moja na haipotezi maji mengi, kwa hiyo huongezi tena na tena. Siku umebanwa sana, baikaboneti kidogo ya dukani ni afadhali kuliko magadi, ingawa inapunguza vitamini, isiwe kila siku. Mboga za majani na mlenda havihitaji magadi hata kidogo, ni mazoea tu ya kutaka rangi ya kijani na utelezi.

Baada ya magadi ndiyo tuje kwenye maji yenyewe. Watu wengi wakisikia maji yao yana tatizo hukata tamaa, wanaona wahame au wachimbe kisima kingine. Huhitaji kubadili maji yote ya nyumba. Kufua, kuoga, kudeki, kunywesha mifugo, endelea na bomba lako, floraidi haipiti kwenye ngozi kwa kiasi cha kukudhuru. Unachotakiwa kubadili ni maji yanayoingia mdomoni: ya kunywa, ya chai, ya uji, ya kupikia. Kwa familia ya watu watano, hiyo ni ndoo moja ya lita 20 kwa siku. Ndoo moja. Ukilitazama hivyo, jambo linakuwa la kiasi chako.

Ndoo hiyo itoke wapi? Kwa nyumba ya bati, jibu langu la kwanza ni mvua. Maji ya mvua hayajagusa mwamba, hayana floraidi ya kutaja. Piga hesabu nami. Milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye mita moja ya mraba ya bati inatoa lita moja. Paa la mita 6 kwa 8 ni mita za mraba 48. Mvua moja nzuri ya milimita 20 inakupa lita 960 kwenye karatasi, na ukitoa zinazomwagika na kurukia pembeni, kama 750 zinaingia kwenye tanki. Hizo ni ndoo 37, zaidi ya mwezi mzima wa kunywa na kupika. Kiangazi chetu kirefu, kuanzia Juni mpaka Oktoba, ni siku 153, kwa hiyo unahitaji lita 3,000 na kidogo kukivuka bila kugusa bomba kwa ajili ya chakula. Simtanki la lita 3,000 kwa familia yako linatosha kama mna nidhamu, yaani hakuna anayechota humo kufulia. Wekea kufuli kwenye koki kama ni lazima. La lita 5,000 litakupa raha. Kama fedha haipo sasa, anza na pipa moja la plastiki lililokuwa la chakula, liwe la uji wa mtoto na maji ya watoto peke yao. Pipa lililobeba dawa za mashamba usiliguse hata likioshwa mara mia. Nasema hivi kwa sababu nyie mko karibu na mashamba ya maua na mapipa hayo huuzwa rahisi.

Mfereji wa bati upigwe kuzunguka paa na usafishwe kabla ya vuli. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache imwagike, inaosha vumbi, majani na vinyesi vya ndege. Hata katikati ya msimu, ikianza kunyesha usielekeze bomba kwenye tanki papo hapo, ngoja kama robo saa bati lioshwe. Weka wavu kwenye mdomo wa tanki na mfuniko unaobana, mbu wasizalie humo. Paa la asbesto au lenye rangi ya zamani inayobanduka lisitumike. Na maji ya mvua nayo yachemshe, maana hayana floraidi lakini ndege wamepita juu ya bati.

Watu huniuliza kama maji ya mvua, kwa kuwa hayana madini, yanadhoofisha mwili. Madini tunayapata kwenye chakula: maziwa, maharage, dagaa, mboga. Kunywa bila wasiwasi.

Mvua ikikuishia, changanya. Lita kumi za mvua na lita kumi za bomba lenye miligramu 4 zinakupa miligramu 2. Bado imezidi kidogo lakini ni nusu ya ubaya, na kwa watu wazima wa nyumbani si haba. Ya mtoto mchanga yabaki mvua tupu.

Njia ya pili ni chujio la mkaa wa mifupa. Hiki ni kitu chetu wenyewe cha hapa. Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi pale Ngurdoto, si mbali na ulipo, na kazi hiyo wameifanya kwa miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuru kwa joto linalodhibitiwa na bila hewa nyingi, kisha husagwa na kupangwa kwenye ndoo au tanki. Maji yakipita taratibu, floraidi inashikwa na mfupa. Ni njia nzuri, ila ina masharti mawili. Mkaa huo huchoka. Siku unapochoka maji yanaonekana na kuonja vile vile, ila floraidi inapita yote, kwa hiyo lazima upeleke maji kupimwa kila baada ya muda na kubadili mkaa. Na usijichomee mwenyewe nyuma ya nyumba: mifupa ikiungua kidogo maji yananuka na kuwa na ladha mbaya, ikiungua kupita kiasi ikawa myeupe, haishiki tena kitu. Wenye hofu ya kidini kuhusu mifupa waulize mapema ni ya mnyama gani, na mtengenezaji mwaminifu atawaambia.

Kuna pia machujio ya kisasa. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru alibuni chujio linalopangwa kulingana na tatizo la maji ya mahali husika, floraidi ikiwemo, na mwaka 2015 akashinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na taasisi ya wahandisi ya Uingereza. Mashine za kusukuma maji kwa nguvu kupita kwenye utando mwembamba nazo zinaondoa floraidi vizuri, na baadhi ya vibanda vya kuuza maji mjini vinazitumia. Kwa yeyote anayekuuzia maji au chujio, swali ni moja: nionyeshe cheti cha maabara chenye kipimo cha floraidi, cha mwaka huu. Akikuambia tu kwamba maji yake ni masafi, nenda kwa mwingine. Kwenye chupa za maji za dukani, soma ile orodha ndogo ya madini kwenye lebo, tafuta palipoandikwa herufi F, chagua lenye chini ya 1.

Dawa ya meno usiiache. Jirani huyo wa pili ana nia njema, lakini twende tena na hesabu. Dawa ya meno ya kawaida ina kama miligramu 1 hadi 1.5 ya floraidi katika gramu moja. Mtoto chini ya miaka mitatu anahitaji kupakwa kiasi cha punje ya mchele tu kwenye mswaki, ambayo ni kama sehemu ya kumi ya gramu. Akipiga mara mbili kwa siku na kumeza yote, hajazidi miligramu 0.3. Lita moja ya maji yenye miligramu 4 inampa miligramu 4. Unaona tatizo liko wapi. Ukiacha dawa, unamfungulia mlango wa meno kutoboka, na meno yenye madoa makali huwa na uso dhaifu unaomomonyoka, yanahitaji ulinzi zaidi. Wa miaka saba atumie kiasi cha punje ya njegere, ateme, asiwe anailamba kwenye mrija kwa sababu ina ladha ya matunda. Dawa akae nayo mama, si mtoto.

Chai ya rangi nayo punguza kwa watoto. Majani ya chai yana floraidi yake ya asili, na chai iliyochemka sana kwa maji ya kisima inajumlisha viwili. Maziwa wape. Kalsiamu iliyomo kwenye maziwa inashika sehemu ya floraidi tumboni isiingie mwilini, na mifupa inaihitaji. Uko Meru, maziwa na maziwa mgando si vitu vya kutafuta mbali. Shuleni mtoto aende na chupa yake ya maji ya nyumbani, maana nusu ya maji yake ya siku anayanywa huko.

Msifikirie watoto peke yao. Jino likishamaliza kujengwa halibadiliki, lakini mfupa unajijenga upya maisha yote, na floraidi nyingi sana kwa miaka mingi huukakamaza: mgongo unaokataa kuinama, magoti yanayouma, shingo isiyogeuka. Na kwa watoto, kwenye maji yenye floraidi ya juu mno pamoja na lishe duni, huja matege. Ukimwona mtoto wa jirani miguu imepinda, asiambiwe tu kuwa ni maji basi. Matege yanaweza pia kuwa ya upungufu wa vitamini D au kalsiamu, na hayo yanatibika yakiwahiwa. Apelekwe Hospitali ya Mount Meru au KCMC Moshi apigwe picha ya mifupa.

Kuhusu kusafisha meno ya mwanao. Usimsugue kwa mkaa, majivu, mchanga wala limao, na usikubali mtu akushauri jiki. Vyote hivyo vinakula uso wa jino, na doa liko palepale. Kwa sasa ana miaka saba, meno bado yanaota na fizi hazijatulia. Mpeleke kwa daktari wa meno aangaliwe ukali wake na aone kama kuna yanayomomonyoka, hayo yafunikwe mapema. Madoa mepesi yanaweza kupunguzwa kwa kusuguliwa kitaalamu tabaka jembamba la juu, na yale ya mbele yanaweza kufunikwa kwa dawa ya kujazia yenye rangi ya jino. Kazi hiyo ya urembo ni vizuri zaidi ingoje meno yote ya mbele yatoke kikamilifu, ila kama anataniwa mpaka hataki shule, mwambie daktari hilo waziwazi, ni sababu ya kutosha ya kuanza mapema. Na usiwe na haraka ya kumwahidi meupe ya kaka yake. Mwahidi kwamba yatapendeza. Magego yake ya pili yanamalizia kujengwa mwaka huu na ujao, kwa hiyo ukibadili maji na kuacha magadi leo, hata yeye bado kuna sehemu unayoiokoa.

Jambo la kufanya wiki hii ni kupima. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja, ioshe bila sabuni, isuuze mara tatu kwa maji yale yale ya bomba, ijaze mpaka juu, andika mahali na tarehe, na uipeleke maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji Arusha, au uanzie ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, wakuelekeze. Kama bomba lenu lina kamati ya maji, nendeni pamoja mchangie gharama, maana majibu ni ya mtaa mzima. Wewe mwenyewe omba karatasi yenye namba, usiridhike na neno la mdomo kwamba yako salama. Ukishaipata niandikie namba hiyo na ukubwa wa paa lako, nikufanyie hesabu ya kiasi cha kuchanganya mvua na bomba kwa kila mtu hapo nyumbani. Kichanga asianze uji kwa maji ya bomba kabla sijakujibu. Kama mvua haijanyesha mpaka atimize miezi sita, nunua maji ya chupa yenye F chini ya 1 kwa ajili ya uji wake peke yake.